Moyo Katika Friji ya Mama Kaltun

Katika Machakos nzima, kuanzia Katelembo mpaka Mwala, hapakuwa na mpelelezi aliyejua kumfungua mwongo mdomo kama Sajini Kavutha. Ni kweli pia kwamba juma hilo hapakuwa na mpelelezi mwingine: mmoja alikuwa likizo kwao, na mwingine alikuwa amelazwa kwa sababu ya amiba. Na huyo Kavutha aliyebaki, Alhamisi saa mbili asubuhi, alikuwa amesimama mbele ya bucha na mkebe wa mafuta ya kupikia mkononi, ndani ya mkebe mna moyo, naye hajui moyo ule ni wa nani wala ni wa nini.

Watu waliojaa pale nje walijua wote.

"Ni wa Muthoka," akasema mama mmoja wa mboga. "Muthoka wa Mwala. Ni siku ya tatu hajaonekana."

"Mwaitu, mama, wewe uliona akiuawa?" Kavutha akauliza.

"Sikuona. Lakini hajaonekana."

"Hata yule mume wako wa kwanza hajaonekana," akadakia mwingine kutoka nyuma, "na mifupa yake tunajua iko Mombasa inakula samaki."

Watu wakacheka, halafu wakakumbuka kwamba ni msiba, wakanyamaza. Kavutha akaandika kwenye kijitabu chake: Muthoka, Mwala, siku tatu. Akaita aliyeufungua mkebe. Alikuwa Nzau, mwendesha boda, kijana wa miraba minne ambaye sasa alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda akipepewa na gazeti.

"Anza mwanzo, Nzau."

"Nimekuja kuchukua maziwa ya mama yangu kwa friji. Mkebe wetu ni wa mafuta, kilo mbili, wa njano. Na huu ni wa mafuta, kilo mbili, wa njano. Nimeutoa, nikafungua hapa nje nionje kidogo."

"Maziwa ya mama yako."

"Kidogo tu, madam. Ndio nikaona inaniangalia."

"Moyo hauna macho."

"Huo ulikuwa nayo," akasema Nzau, akaomba apepewe tena.

Friji yenyewe ilikuwa ndani ya bucha, ndefu, ya kufunguliwa juu, imegawanywa kwa ubao: upande mmoja nyama ya bucha, upande wa pili vitu vya majirani. Stima zikipotea katika safu ile ya maduka, ni bucha hiyo peke yake iliyokuwa na jenereta. Kwa hivyo mtaa mzima uliweka vitu vyake humo, na kila mtu aliingia na kutoka mwenyewe kama anayekwenda kisimani. Hakuna aliyeulizwa. Sharti lilikuwa moja, limeandikwa ukutani kwa rangi nyeupe: nyama ambayo haikupita kichinjioni isiingie humu.

Mwenye bucha, Kaltun, alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, macho makavu. Afisa wa afya alikuwa ameshafika kabla ya polisi, akatia kufuli lake kwenye mlango wa chuma, akaenda zake kunywa chai.

"Mama Kaltun, unaujua huu moyo?"

"Siujui. Mimi nimekata mioyo ya mbuzi na ng'ombe tangu nikiwa msichana, na huu siujui. Na sitaki kuugusa mpaka niambiwe."

"Ni nani huweka vitu kwa friji yako?"

"Uliza ni nani haweki. Mama yake Nzau, maziwa. Nesi wa zahanati, dawa ya sukari ya mama yake. Mwalimu Wathome wa hiyo sekondari, barafu ya wachezaji wake. Mapadri, keki. Hata askari wenu waliweka samaki Krismasi, wakasahau mpaka Pasaka."

Kavutha hakuliandika hilo la samaki.

"Sikia, afande," Kaltun akasema, na hapo akateremsha sauti. "Kesho baada ya sala ya Ijumaa, wazee wa msikiti watakaa kwa ajili yangu. Kama huu moyo ni wa mtu, nafungwa. Kama ni wa nguruwe na mtu aliuweka bila mimi kujua, nitaosha friji, nitasoma dua, maisha yaendelee. Lakini kama ni wa nguruwe na ikasemekana niliuuza mimi, basi hakuna Mwislamu atanunua hata chumvi kwangu, na hakuna Mkamba atanunua kwa mtu aliyekataliwa na watu wake. Nitahama. Na mimi sijui pengine. Nimezaliwa hapo nyuma ya soko."

"Nimeelewa."

"Hujaelewa. Umeshika mkebe upande wa chini juu."

Kavutha akaugeuza.

*

Kila mpelelezi hupenda mshukiwa aliye karibu, na aliyekuwa karibu alikuwa Masila, mwenye bucha ya ng'ambo ya barabara. Tangu asubuhi alikuwa ananoa kisu na kutabasamu, na wateja wa Kaltun walikuwa wamepanga foleni kwake mpaka kwa fundi viatu.

"Wakya, mwaitu," Masila akamsalimu.

"Aa. Naona leo umebarikiwa."

"Mungu akifunga bucha moja hufungua nyingine."

"Jana uliingia kwa Mama Kaltun?"

"Mimi? Nifuate nini kwa mpinzani? Tangu mwaka huu uanze sijakanyaga huko."

Kavutha akaandika. Halafu akainua macho akatazama juu ya kichwa cha Masila. Palikuwa na kulabu nane. Saba zilikuwa tupu, na ya nane ilining'iniza shingo ya mbuzi ambayo hata paka angeifikiria mara mbili.

"Wateja thelathini," akasema. "Nyama iko wapi?"

"Inakuja."

"Kutoka wapi?"

Masila akaacha kunoa. Akaangalia foleni, akamvuta Kavutha nyuma ya mzani.

"Madam, hii usiandike. Friji yangu ilikufa mwezi wa pili. Nyama yangu yote inalala kwa Mama Kaltun, pale nyuma, chini ya turubai. Imechinjwa na mkono uleule unaomchinjia yeye, ndio maana akanikubalia, tukapatana watu wasijue. Ng'ombe mzima wangu amefungiwa humo na kufuli la afya. Hiyo furaha unaona usoni mwangu ni ya kuuzia watu. Kama hufungui hilo duka leo, kesho nitakuwa nauza kisu."

Kavutha akakata jina la Masila kwa masikitiko. Alikuwa mshukiwa mzuri sana.

Sasa moyo ulihitaji baridi. Kituo cha polisi hakikuwa na friji, na friji pekee yenye kufuli mjini ilikuwa eneo la uhalifu. Baada ya kufikiri, Kavutha akaazima kasha la muuza aiskrimu, lile la bluu lenye picha ya mtoto akilamba koni, akaweka mkebe ndani, akajaza barafu, akabandika karatasi: KIELELEZO CHA KWANZA. Akalitundika begani kwa mkanda wake. Kutoka sokoni mpaka kichinjioni watoto wanne walimsimamisha wakiuliza kama kuna ya stroberi.

*

Mkaguzi wa nyama pale kichinjioni aliitwa Ann, mwanamke mfupi mwenye buti nyeupe na koti jeupe, ambaye miaka kumi na minane alikuwa akipasua mioyo ya wanyama kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Hakuna nyama iliyopigwa muhuri mjini pale kabla Ann hajaangalia moyo wake kama una minyoo.

"Hebu tumwone mgonjwa," akasema, akauweka moyo juu ya meza ya bati.

Ulikuwa mkubwa kama ngumi ya mwanamume, na mafuta meupe yamepita katikati yake kama mkanda. Juu yake palikuwa na mistari myekundu iliyojichora kama mizizi, myekundu sana.

"Kwanza, haukupita kwangu," Ann akasema. "Mimi kila moyo naukata kisu kimoja kirefu upande huu, ndani nione. Huu mtu ameukata kidogo kidogo, tena kwa wembe. Pili, si wa mbuzi wala wa kondoo. Mbuzi mwenye moyo mkubwa hivi angekuwa anavaa suruali. Tatu, lete kidole."

Akakishika kidole cha Kavutha, akakisukuma pale juu, mshipa mkubwa unapotokea.

"Unasikia mfupa?"

"Mfupa kwa moyo?"

"Ng'ombe mzima anao. Mfupa mdogo, hapo hapo. Ndio maana unaweza kumtukana siku nzima na hajali."

"Sisikii mfupa."

"Kwa hivyo si wa ng'ombe mzima."

"Basi ni wa mtu," Kavutha akasema, na mkono wake ukaenda kwenye kalamu.

"Ama wa ndama, maana mfupa wa ndama haujakomaa. Ama wa kitu kingine. Usikimbie, dada. Hebu nikuonyeshe nyumba kwanza, ndio ujue mlango. Vyumba ni vinne. Viwili vya juu vinapokea, viwili vya chini vinasukuma. Hiki cha kulia—"

"Hicho kiko kushoto."

"Ni cha kulia."

"Ann, mimi niko na macho."

"Kiko kushoto kwako. Kulia kwa mwenyewe. Moyo unausoma kama mwenyewe amesimama mbele yako anakuangalia."

Kavutha alikuwa ameshaandika kushoto mara tatu. Akafuta, akaandika kulia, karatasi ikatoboka. Akageuza ukurasa.

"Damu iliyochoka inarudi kutoka mwilini inaingia hapa kulia, inashuka, inasukumwa kwenda kwa mapafu. Mapafu ni jirani, ndio maana ukuta wa hiki chumba ni mwembamba. Huko inapata hewa, inarudi upande wa kushoto, inashuka, na hiki chumba cha chini ndicho kinaisukuma mpaka kwenye ukucha wa mguu. Bana huo ukuta."

Kavutha akabana. Ulikuwa mnene kama kipande cha mkate wa harusi.

"Na hivi vikamba humu ndani?"

"Vinashika milango. Mlango ukikosa kufunga, damu inarudi ilikotoka, mtu anavimba miguu, anasema amerogwa. Sasa njoo kwa huu mshipa mkubwa unaotoka juu. Unapinda kama mpini wa mwavuli, na hapo kwa kupinda unatoa matawi ya kwenda kichwani na mikononi. Hesabu matawi."

Kavutha akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Matano."

"Ya nini matano?"

"Hili, hili, hili kubwa, na haya mawili madogo huku chini."

"Hilo kubwa si tawi, ni mshipa mwingine kabisa, wa kwenda mapafuni. Umehesabu mgeni ukasema ni wa nyumbani. Toa."

"Manne basi."

"Na hayo mawili madogo hapa chini kabisa, karibu na mlango, hayaendi kichwani. Hapo ndipo moyo unakula."

"Unakula nini na umejaa damu?"

"Umejaa, na hauinywi. Umeona muuza maji na mkokoteni wake? Madumu ishirini, na yeye mwenyewe ana kiu. Damu inayopita ndani ya vyumba hailishi hizi kuta. Moyo unalishwa na mishipa yake miwili, inayotokea hapa kwa hizi tundu mbili, kabla ya matawi mengine yote. Kichwa kinangoja. Mikono inangoja. Moyo unajipakulia kwanza."

"Kama chifu na mahindi ya msaada."

"Sasa umesoma. Mmoja unazunguka kulia. Wa kushoto unagawanyika, kipande kinateremka hapa mbele, kingine kinazunguka nyuma. Hiki cha mbele kikiziba kwa mafuta, mtu anashika kifua saa nane, na saa kumi tunapanga viti vya matanga."

Simu ya Kavutha ikalia. Ilikuwa kutoka kituoni.

"Madam, Muthoka amefika."

"Mwili?"

"Mwenyewe. Anataka kuandikisha kwamba ameuawa. Alikuwa Kalama kwa mke wa pili, na mke wa kwanza hakujua kuna wa pili. Sasa anajua. Anaomba tumweke ndani hata kama hana kosa."

Kavutha akakata simu, akakata na jina la Muthoka. Ukurasa wake wa washukiwa ulikuwa umebaki na Nzau peke yake, na Nzau bado alikuwa anapepewa.

"Ukitoa hizo tundu mbili," Ann akaendelea kana kwamba hakuna marehemu aliyefufuka, "matawi ya mwavuli yamebaki mangapi?"

"Mawili."

"Hesabu tena."

"Mawili, Ann. Nimehesabu mpaka naona manane."

"Mtu ana matatu. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, hata ndama wa jana, ana moja: shina moja nene, ndio baadaye ligawanyike huko mbele. Mwenye mawili..." Ann akafuta kisu chake polepole. "Mbwa anayo. Lakini mbwa wa kuwa na moyo mkubwa hivi ningemsikia akibweka kutoka nyumbani. Mwingine mwenye mawili ni yule ambaye Mama Kaltun hawezi hata kumgusa."

Kavutha akakaa juu ya ndoo. Asubuhi alikuwa anaogopa kwamba moyo ni wa mtu. Sasa kwa kuwa si wa mtu, mambo yalikuwa mabaya zaidi, na hakujua aandike vipi jambo hilo kwenye ripoti. Akaenda kwenye bomba kunawa. Akasugua. Damu ikatoka, lakini vidole viwili vikabaki vyekundu. Akatia sabuni. Vyekundu.

"Ann, damu gani hii?"

Ann akaja, akavishika vile vidole, akavitazama juani.

"Damu ya juzi ni nyeusi kama maharagwe. Na damu inatoka kwa maji baridi. Huu ni wino." Akarudi mezani, akaangalia zile tundu mbili ndogo kwa karibu. "Umedungwa kwa sindano kwenye hizi tundu, ukajaza mishipa yote ya kulisha moyo. Ndio maana inaonekana hivi, kama imechorwa. Hii si kazi ya bucha. Mwenye bucha anajua kukata tu, hajui moyo unakulia wapi."

"Daktari?"

"Daktari ana maiti zake, hana haja ya nguruwe. Huyu alitaka watu waone mishipa. Alitaka ionekane vizuri mpaka kwa aliyekaa nyuma."

Kavutha akarudisha macho kwenye kijitabu, kwa yale majina ya wenye vitu kwenye friji. Nesi ana sindano, lakini nesi hana wino mwekundu wala hana mtu aliyekaa nyuma. Akapitisha kidole chake chekundu mpaka kwenye barafu ya wachezaji.

*

Mwalimu Wathome alifundisha bayolojia na kusimamia mpira, na katika yote mawili alijulikana kwa sauti. Saa tisa unusu wanafunzi wake walikuwa uwanjani, na maabara ilikuwa tupu, yenye harufu ya dawa na chaki. Kavutha aliingia na kasha lake la aiskrimu begani. Nyuma yake alikuja Kaltun, na nyuma ya Kaltun akaja Mzee Sakariye, mfanyabiashara wa mifugo mwenye ndevu nyekundu za hina, ambaye ndiye angekuwa mwenyekiti wa wazee kesho yake. Kavutha alikuwa amemwomba aje asikie kwa masikio yake. Alikubali kwa sharti moja, kwamba kasha lisifunguliwe mbele yake. Kitu asichokijua hakigusi, wala hakitazami.

"Mwalimu," Kavutha akasema, "mkebe wa njano, kilo mbili."

Wathome akavua miwani, akaivaa.

"Ni wangu. Nilikuwa naja kusema. Nimesikia tu saa sita, na nikaona watu wamekasirika, nikasema wacha wapoe. Ni kitu cha somo. Fomu Tatu leo walikuwa wasome moyo na mishipa inayoulisha."

"Na wino?"

"Mimi nilitia. Bila rangi hawaoni mishipa, wanaona mafuta tu."

"Moyo wa nini?"

Mwalimu akamtazama Kaltun, akamtazama mzee, akatabasamu kwa upole, kama mtu anayewapa watu wote zawadi.

"Wa ndama."

Mzee Sakariye akashusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi," akasema. "Ndama. Basi tumesumbuana bure. Kaltun, binti yangu, umesikia. Ni halali. Twende nyumbani."

"Ulimnunua wapi huyo ndama?" Kavutha akauliza.

"Hapo hapo kwa Mama Kaltun. Jumanne asubuhi. Ndio maana hata sikuona ubaya kuurudisha kwa friji yake."

Kaltun hakusogea. Ilikuwa rahisi sana kusogea. Mlango ulikuwa wazi, mzee alikuwa ameshaugeukia, na neno lililomfungulia duka lilikuwa limeshasemwa na mtu mwingine, yeye hakutakiwa hata kufungua mdomo.

"Mzee," akasema, "Jumanne sikuwa na ndama. Nilikuwa na ng'ombe wawili na mbuzi saba."

"Ulikuwa na wateja wengi," Wathome akasema. "Umesahau."

"Nasahau sura. Sisahau nyama."

"Mama, mimi nataka kukusaidia."

"Unanisaidia kwa kusema niliuza. Kesho Masila ataona huo moyo, na wachinjaji wa kichinjioni watauona, na wao si wanafunzi wako. Watasema si ndama. Watasema Kaltun anauza kitu kingine na kukiita ndama, na mwalimu wa serikali ni shahidi."

Mzee Sakariye akarudi kutoka mlangoni. Sasa alimtazama Kaltun, na hakumtazama kwa huruma.

"Mwalimu anasema alinunua kwako. Wewe unasema hapana. Mimi nimshike nani?"

"Mimi ni mwalimu miaka kumi na moja," Wathome akasema. "Moyo wa ndama naujua, hakuna mwenye bucha wa kunidanganya. Nidanganye juu yake, nipate nini?"

Kavutha alikuwa na neno la Ann, lakini Ann hakuwepo. Alikuwa na moyo wenyewe, lakini mzee hangeutazama. Alikuwa na vidole viwili vyekundu. Akatembea polepole kupita meza, akijifanya amechoka, jambo ambalo halikumtaka aigize sana, mpaka mbele ya darasa, na hapo akasimama.

Ubao wote ulikuwa umejazwa mchoro mmoja. Moyo mkubwa kama dirisha la kanisa, kwa chaki nyekundu na ya bluu, vyumba vinne, milango na vikamba vyake, mishipa ya kulisha imezunguka kama mizizi ya mkuyu, na juu kabisa mshipa mkubwa umepinda kama mpini wa mwavuli. Ilikuwa kazi nzuri. Hata Kavutha, ambaye siku hiyo alikuwa ameichoka mioyo yote, aliona ni nzuri.

"Hii umechora wewe, mwalimu?"

"Nani mwingine?"

"Ni sawa na ile ya kitabu?"

"Kitabu?" Wathome akacheka kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu waingie mabega yake yakalegea. "Madam, kunakili kitabu ni kazi ya wavivu. Mimi nawaambia wanafunzi wangu, chora unachoona, usichore unachojua."

"Kwa hivyo ulichora kutoka kwa huu moyo."

"Jumanne jioni, hapo mezani, nikiwa nao mbele yangu. Saa mbili nzima. Kabla sijaupeleka kwa baridi."

"Na hukuongeza kitu."

"Hata mstari."

"Wala hukupunguza. Hata hii mishipa ya huku juu, inayokwenda kichwani."

"Kila mmoja uko pale ulipokuwa. Unaweza kuniita mahakamani na huo ubao."

Kavutha akageuka.

"Mzee Sakariye, umechinja miaka mingapi?"

"Ng'ombe wangu wa kwanza nilimchinja kabla mwalimu huyu hajazaliwa."

"Na ndama?"

"Wa arusi, wa akika, wa wageni. Siwezi kukuhesabia."

"Kasha langu limefungwa, sitalifungua. Lakini hii ni chaki. Chaki haina najisi. Hebu ukaribie uniambie kama hapa juu ni ndama."

Mzee akachukua bakora yake, akazipita meza moja moja, akafika ubaoni. Akakodoa macho. Akafuata ukuta mnene wa kushoto kwa kidole bila kuugusa, akapanda nao, akafika pale mshipa unapopinda, na hapo kidole kikasimama. Kikaenda kwenye tawi la kwanza, kikaenda kwenye la pili. Kikarudi. Kaltun alikuwa ameshika shela yake kwa mikono yote miwili.

Mwalimu Wathome akatazama kidole kile, akatazama mchoro wake. Akasogea kando ya ubao kama mtu asiye na haraka, akanyoosha mkono kuchukua dasta.

"Wacha hapo," Kavutha akasema. "Mzee bado anahesabu."